Nikiacha maji ya chupa, ninywe nini?

"Mtaalamu, naomba ushauri. Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, mama mkwe, mtoto wa darasa la tano na mchanga wa miezi minne anayetumia maziwa ya kopo. Maji ya bomba hutoka siku mbili tatu kwa wiki na tunayahifadhi kwenye tangi juu ya paa. Ya kunywa tunanunua ya chupa, kwa kuwa ya bomba yananuka dawa na mara nyingine yanaanza kutoka yakiwa na tope. Sasa chupa tupu zimejaa kila kona, na mwanangu amerudi kutoka shule akisema tunakunywa plastiki. Mama mkwe anasema tuchemshe, yaishe. Kuna muuzaji alikuja na mashine ya kusafisha maji. Alitumbukiza vyuma vyenye umeme kwenye glasi mbili, maji yetu yakawa ya kahawia, ya mashine yake yakabaki meupe. Niliogopa sana. Jirani naye ana kisima kirefu na yuko tayari kutugawia, ila maji yake yana chumvichumvi. Nataka kuachana na chupa lakini sitaki watoto waumwe. Nifanye nini?"

Dada yangu, umeuliza moja lakini ndani yake naona matatu: kama maji ya bomba yanaweza kunyweka bila kuwadhuru watoto, kama chupa ni mbaya kiasi anachosema mwanao, na kama muuzaji yule alikuonyesha ukweli. Nitaanza na la mwisho, maana hofu ile ikibaki kichwani hakuna nitakalosema litakalokuingia.

Mchezo wa glasi mbili ni wa zamani na umezunguka nchi nyingi. Kati ya vile vijiti alivyotumbukiza, kuna cha chuma cha kawaida. Umeme ukipita majini, chuma kile kinalika na kutoa kutu, na ile rangi ya kahawia uliyoiona ni kutu ya kijiti chake mwenyewe. Haikuwamo kwenye maji yako. Umeme hupita kwa urahisi kwenye maji yenye madini ya kawaida kama kalsiamu na magnesiamu, na hupita kwa shida sana kwenye maji yaliyoondolewa karibu madini yote, kama ya mashine yake. Ndiyo maana glasi yake ilibaki nyeupe. Akirudi, mwombe atie chumvi kidogo ya mezani kwenye ile glasi yake kisha arudie jaribio. Itageuka vilevile.

Kalamu ya TDS ambayo wauzaji hawa huipenda nayo ina upungufu huohuo: inakisia jumla ya chumvi zilizoyeyuka kwa kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Haioni bakteria hata mmoja. Maji yenye madini machache na vijidudu vya kipindupindu yatafaulu mtihani huo kwa alama za juu.

Kabla ya kununua chochote, basi, jiulize maji yako yana nini. Vinavyochafua maji ya kunywa viko vya aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Kuna vilivyo hai: bakteria, virusi na vimelea wengine, ambao wengi hutoka kwenye kinyesi. Hawa ndio wanaoua watoto wengi zaidi kwa njia ya maji, na ndio rahisi kuwaondoa. Kuna vinavyoelea, kama tope, mchanga na kutu, ambavyo hutuama au huchujwa. Halafu kuna vilivyoyeyuka: chumvi, floraidi, nitrati, aseniki, madini ya risasi. Hivi huvioni, mara nyingi huvisikii ulimini, na kuchemsha hakuvigusi. Tena maji yakichemka sana hupungua kwa mvuke, na kilichoyeyuka kinabaki kikiwa kimekolea zaidi kidogo. Watu hupoteza fedha nyingi kwa kununua dawa ya aina ya tatu wakati ugonjwa wao ni wa aina ya kwanza. Wapo pia wanaochemsha kwa bidii maji ya kisima chenye floraidi, wasijue kwamba wanajisumbua bure.

Ukiniuliza kwa ulivyoeleza, naona shida kubwa ya maji yenu ni vijidudu na tope, na chanzo kikuu ni mgawo. Bomba likiwa limejaa muda wote, shinikizo la ndani huyasukuma maji yatoke nje kupitia nyufa. Likikauka, mambo hugeuka: maji machafu ya ardhini huingia kupitia nyufa zilezile, kisha siku ya mgawo yanasukumwa hadi kwako. Tope unaloliona mwanzoni linatokana na hilo pamoja na mashapo yaliyolala bombani. Kwa hiyo maji ya dakika za kwanza yasiende tangini. Yakinge kwa ndoo, yatumie chooni au kupigia deki, kisha yakishatakata ndipo ufungulie tangi. Tangi lenyewe nalo lisuguliwe mara kwa mara, liwe na mfuniko unaobana na wavu kwenye tundu la hewa. Nimeona watu wakilaumu mamlaka ya maji kwa kinyesi cha popo.

Na ile harufu ya dawa? Ni habari njema. Ina maana klorini ingali majini ikifanya kazi mpaka kwenye bomba lako. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita zibaki mahali maji yanapochotwa, na kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 5. Pua ya mtu huinusa mapema, ikiwa bado chini sana ya kiwango hicho cha juu. Ukitaka kuipunguza, yaache maji ya kunywa kwenye jagi lililofunikwa kitambaa safi kwa saa kadhaa kabla ya kunywa, au yapoze, maana ladha hupungua maji yakiwa baridi. Ila usiiondoe kwenye maji ya kuhifadhi. Siku utakayofungua bomba usisikie harufu yoyote, hiyo ndiyo ya kukutia wasiwasi.

Sasa chupa. Mwanao hajakosea. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima maji ya chupa kwa mbinu mpya ya leza wakakuta wastani wa chembe 240,000 hivi za plastiki katika lita moja, nyingi zikiwa ndogo mno kuliko zilizowahi kuhesabiwa kabla. Nyingine hutoka kwenye chupa na kifuniko, nyingine kwenye vichujio vya kiwandani. Madhara yake kwa mwili bado hayajathibitishwa, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupiga mbiu ya hatari. Mimi nalichukulia hivi: kuhara kunajulikana vizuri kwamba kunaua, plastiki bado inachunguzwa. Usihame kutoka maji ya chupa kwenda maji ya bomba yasiyotibiwa kwa kuogopa chembe hizo. Hama kwa mpango. Na kwa sasa, chupa mlizonazo zisikae juani wala kwenye gari lenye joto, kwani joto huongeza kinachotoka kwenye plastiki kuingia majini.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba maji mengi ya chupa yalianzia bombani. Kiwanda huyachukua maji ya mtandao wa umma, huyachuja, hurudisha madini kidogo kwa ajili ya ladha, kisha huyafungasha. Hakuna ubaya katika hilo, lakini picha ya mlima kwenye lebo isikudanganye. Tena chupa hazifuti uhaba. Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilitoa ripoti mwaka 2023 kikionyesha kwamba biashara hii inakua haraka na inaficha kushindwa kwa mifumo ya umma kuwafikishia watu maji salama. Mtu mmoja hunywa lita mbili hadi tatu kwa siku. Ili aishi kwa usafi, kupika, kuoga na kufua, anahitaji kama lita 50 hadi 100. Chupa inashughulikia kipande kidogo sana cha mahitaji hayo, kwa gharama kubwa kuliko vyote.

Jambo hilohilo ndilo litakalokurahisishia kazi. Huhitaji kusafisha maji ya nyumba nzima yawe ya kunywa. Kwa watu watano, kunywa, kupika na kusukutua mdomo ni kama lita 15 hadi 20 kwa siku. Shughulikia hizo tu.

Mama mkwe wako, mpe heshima yake, yuko karibu sana na jibu. Maji yakichemka kwa kutokota dakika moja, bakteria, virusi na vimelea vya magonjwa hufa. Ukiwa mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, weka dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100. Kuchemsha dakika kumi au ishirini, kama wengi tulivyofundishwa, ni kuchoma nishati na kupoteza maji kwa mvuke.

Utasema, moto nao si unaharibu mazingira? Ni swali la haki, tulipigie hesabu. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji takriban megajuli 0.31. Jiko likiwa baya kiasi cha kupoteza sehemu nne kati ya tano za joto lake, utatumia kama megajuli 1.6. Mwaka 2009 Peter Gleick na Heather Cooley wa Pacific Institute, California, walikadiria kwamba lita moja ya maji ya chupa, ukijumlisha plastiki, kiwanda, usafiri na kupoza, hula megajuli 5.6 hadi 10.2. Sehemu kubwa ilikuwa ya kutengeneza plastiki yenyewe, na maji yakisafirishwa mbali usafiri nao huongeza sana. Kwa hiyo hata jiko hafifu linaishinda chupa. Moshi wa kuni au mkaa ndani ya nyumba yenye mtoto mchanga ni suala jingine, na hapo ningependa njia isiyo na moto.

Njia hiyo ni klorini. Vidonge au maji ya dawa vilivyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa ni vya bei nafuu kuliko karibu kila kitu kingine, vinasafisha ndani ya dakika 30, na vina faida moja ambayo kuchemsha hakuna: vinabaki majini vikilinda. Maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana ulinzi wowote. Mtoto akichota kwa kikombe na mkono uliotoka kucheza, kazi yote imerudi mwanzo. Udhaifu wa klorini ni tope, kwa kuwa uchafu unaoelea huimaliza dawa na kuwaficha vijidudu, kwa hiyo yatulize kwanza maji, uyamimine polepole na kuyachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Udhaifu wa pili ni kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho kina ganda gumu na huvumilia klorini. Hicho huuawa na moto, au huzuiwa na chujio zuri. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Baada ya nusu saa harufu kidogo ya dawa isikike. Isiposikika kabisa, maji yalikuwa machafu kuliko ulivyodhani.

Chujio la udongo uliochomwa linafaa sana kwa nyumba kama yenu. Linafanya kazi kwa mvuto wa ardhi bila umeme, halipotezi maji, na vitundu vyake ni vidogo kiasi cha kuzuia bakteria na kriptosporidiamu. Virusi ni vidogo zaidi na wengine hupenya, ndiyo maana napendekeza uchuje kwanza kisha utie klorini. Viwili hivi hufidiana mapengo. Chujio likianza kudondosha polepole, sugua uso wake kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Likipata ufa, hata mwembamba kama unywele, limekwisha. Yale majagi yenye kichujio cha mkaa ni kitu kingine: yanaondoa harufu na ladha, hayaui vijidudu, na kichujio kikipitiliza muda wake kinageuka makazi yao.

Njia ya jua nayo ipo na ni halali. Chupa ya plastiki angavu ya PET isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juani saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, huwa salama kwa vijidudu. Kwa familia ya watano ni chupa nyingi mno za kugeuzageuza kila siku. Ihifadhi kwa safari na dharura.

Turudi kwenye mashine ya muuzaji, maana sitaki kuionea. Kama ni ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, wanayoiita RO, ni chombo cha kweli na chenye nguvu. Huondoa chumvi, floraidi, aseniki, nitrati na risasi. Kama maji yako yana mojawapo ya hivyo kupita kiwango, inaweza kuwa suluhisho pekee la nyumbani. Lakini utando hauwezi kuachia maji safi bila kumwaga maji yaliyobeba chumvi zilizozuiwa. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita tatu hadi tano, na nyingine zaidi, kwa kila lita moja ya kunywa. Kwa lita zako 15, hizo ni lita 45 hadi 75 kwenda mferejini kila siku, katika nyumba inayopata maji siku mbili kwa wiki! Ukilazimika kuwa nayo, tafuta yenye uwiano mdogo wa upotevu na kinga yale maji kwa ajili ya choo na sakafu. Bustanini usiyamwage kila siku, chumvi hujilimbikiza kwenye udongo. Pia mashine hiyo huondoa klorini, kwa hiyo maji yake yanahitaji chombo safi zaidi, si kinyume chake.

Mashine za kuvuna maji hewani zinazotangazwa siku hizi sitazikalia. Kugeuza mvuke kuwa maji kunadai kuondoa takriban megajuli 2.4 za joto kwa kila lita, na mashine hizo hufanya kazi vibaya zaidi palipo na hewa kavu, yaani hasa pale maji yanapokosekana.

Mvua ni hadithi nyingine. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,000, na ukitoa yanayopotea unabaki na kama 800. Maji hayo karibu hayana chumvi wala floraidi. Yana vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo mvua ya mwanzo imwagwe, yanayofuata yakingwe, kisha yapite njia ileile ya chujio na klorini. Paa lililopakwa rangi yenye madini ya risasi au la asbesto usilitumie kwa maji ya kunywa.

Kisima cha jirani usikiguse kwa kunywa hadi kipimwe maabara. Chumvichumvi yenyewe huenda isiwe na madhara kwa mtu mzima mwenye afya, lakini inakuambia kwamba maji yale yamekaa na miamba muda mrefu, na miamba hutoa vingi visivyo na ladha. Omba wapime vijidudu vya kinyesi, floraidi (isizidi miligramu 1.5 kwa lita), nitrati (isizidi 50), aseniki (isizidi 0.01) na jumla ya chumvi. Majibu yakiwa mazuri, kisima hicho ni bora kuliko chupa zote mlizonunua. Yakiwa mabaya, bado kitafaa kufulia na kupigia deki, na maji ya bomba yatabaki kwa kunywa.

Kuhusu mtoto mchanga, soma hapa kwa makini. Maji ya chupa si maji yaliyotakaswa kabisa, na unga wa maziwa wenyewe unaweza kuwa na bakteria. Maji yoyote utakayotumia, ya chupa yakiwemo, yachemshe na uchanganye maziwa yakiwa bado na joto la nyuzi 70 au zaidi. Kisha ipoze chupa kwa kuishikilia chini ya maji yanayotiririka au ndani ya bakuli la maji baridi, ujaribu tone moja mkononi kabla ya kumpa. Nitrati ndiyo ninayoihofia kwake kuliko kwenu nyote, kwa sababu katika miezi ya mwanzo huizuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Maji ya kisima yasiingie kwenye maziwa yake kabla ya vipimo, wala usijifariji kwamba umeyachemsha. Mpaka utakapopata uhakika juu ya maji yenu, ningemwachia yeye maji ya chupa yenye madini kidogo, bila kuona haya, huku ninyi wengine mkihama.

Mpango wangu kwenu, basi: tangi lisafishwe, maji ya kwanza ya mgawo yasiingie, lita za kunywa zipite kwenye chujio la udongo, zitiwe klorini, zikae kwenye chombo chenye mfuniko na bomba dogo ili mkono usiingie. Siku dawa ikikosekana, chemsheni. Wekeni akiba ya chupa chache mahali penye kivuli kwa ajili ya mafuriko au bomba kupasuka.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Maji yakinuka mafuta ya taa, petroli au dawa ya wadudu, acha kuyatumia na uite watu wa mamlaka ya maji, kwa sababu hakuna njia ya jikoni itakayoyaponya. Kama mabomba ya nyumba ni ya zamani, mwite fundi aangalie kama kuna ya risasi, na wakati ukisubiri usipikie maji ya moto ya bombani, kwani joto huyeyusha risasi zaidi. Mtu wa nyumbani mwenye kinga dhaifu, au ugonjwa wa figo au moyo, azungumze na daktari wake kabla ya kunywa maji ya chumvi. Mtoto akiharisha damu, akikataa kunyonya, akikauka mdomo au macho yakibonyea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo huku ukiendelea kumpa maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu za kuongezea maji mwilini (ORS). Mchanga akibadilika midomo kuwa ya bluu au kijivu, usisubiri hata saa moja. Mpeleke mara moja, ubebe na sampuli ya maji mliyomtengenezea maziwa.